UZI: Dawa za vimeng'enya zinazokula nyama iliyokufa kwenye vidonda, na suala la papai

Muuguzi_Vidonda (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Kwenye uzi wa kisukari kuna mdau aliuliza kama ipo dawa ya kupaka "inayokula nyama mbovu" kwenye kidonda cha mguu. Mmoja akamjibu hakuna kitu kama hicho, mwingine akamwambia aponde papai afunge usiku kucha, mwingine akamwambia awahi akakatwe. Dawa ipo. Imekuwepo kwa zaidi ya nusu karne, kuna mahali inafaa na kuna mahali ni hatari kuitegemea. Mimi ni muuguzi wa chumba cha vidonda katika hospitali ya mkoa na ndugu wa wagonjwa huniuliza jambo hili kila mara, kwa hiyo naliandika kwa kirefu hapa ili libaki.

Nianze na sababu ya kuiondoa nyama iliyokufa. Kidonda kikishakaa, juu yake hujitokeza utando wa njano au wa kijivu, laini, unaoteleza lakini umeng'ang'ania. Wengi hudhani ni usaha. Vingine huwa na gamba jeusi au la kahawia, kavu na gumu. Vyote hivyo ni nyama isiyopata damu tena. Bakteria wanakula na kuzaliana humo. Antibaiotiki ya kumeza au ya mshipa haiwafikii humo, kwa sababu damu ya kuipeleka haipo. Ngozi mpya inayotambaa kutoka pembeni inagonga hapo na kusimama. Na sisi tunaovalisha hatuoni kina: gamba la ukubwa wa sarafu linaweza kuwa limefunika shimo linalofika kwenye mfupa.

Kuliondoa kuna njia kadhaa. Ipo ya kisu, mkasi na kijiko cha kukwangulia. Ipo ya gozi (kitambaa cha kufungia kidonda) iliyoloweshwa inayoachwa ikauke juu ya kidonda kisha inavutwa, ambayo bado inafanywa sana huku kwetu ingawa inamtesa mgonjwa na inang'oa hata nyama mpya nyekundu iliyoanza kuota. Ipo ya kukifunika kidonda kikae na unyevu ili mwili ujisafishe wenyewe, polepole. Wapo funza wanaofugwa maalumu. Halafu kuna vimeng'enya.

Kimeng'enya ni protini yenye kazi ya kuvunja au kujenga kitu fulani mwilini. Vilivyomo tumboni vinavunja nyama uliyokula. Vile vya kwenye kidonda vinavunja protini za nyama iliyokufa. Kinachotumika zaidi duniani leo ni kolajenasi, inayotolewa kwa bakteria aitwaye Clostridium histolyticum, na Marekani iliidhinishwa mwaka 1965. Huuzwa kama marhamu. Ile ya Marekani inaitwa Santyl, na kila gramu moja ina yuniti 250.

Inavyofanya kazi ndiko kunakonivutia. Ngozi yetu, ukiondoa maji, karibu robo tatu yake ni kolajeni, protini ya nyuzi nyuzi. Nyama ikifa, nyuzi za kolajeni zilizo chini yake haziachii, bado zimeishika kwenye sakafu ya kidonda. Kolajenasi inakwenda kukata nyuzi hizo. Ni sawa na turubai lililofungwa kwa kamba: ukikata kamba, turubai linaachia bila wewe kulichana. Mwili nao unatengeneza kolajenasi yake, lakini hiyo hukata uzi mahali pamoja tu. Ya bakteria hukata sehemu nyingi, ndiyo maana inamaliza kazi ambayo mwili umeshindwa kuimaliza. Nyama hai haiguswi sana, kwa hiyo maumivu ni madogo ukilinganisha na kisu au gozi kavu.

Sasa masharti yake, maana dawa hii huharibiwa na mazoea yetu wenyewe.

Inataka unyevu. Ukiipaka juu ya gamba kavu ukaondoka, hakuna kitakachotokea. Gamba hulainishwa kwanza, au mtaalamu analichanja mistari ya kukatizana kwa kisu ili dawa ipenye chini.

Haielewani na iodini, wala na dawa zenye fedha kama ile krimu nyeupe ya majeraha ya moto, wala na sabuni kali. Vyote hivyo vinaiua. Nimeona kidonda kinaoshwa kwa iodini vizuri kabisa, kisha marhamu ya gharama inapakwa juu yake. Mgonjwa amelipia dawa iliyokufa. Osha kwa maji ya chumvi ya hospitali, na kama iodini ilikuwa imepakwa, isuuze yote iishe kwanza.

Hupakwa mara moja kwa siku, kwenye kidonda tu, bila kutapanywa kwenye ngozi nzima ya pembeni. Na inachukua muda, kwa kawaida wiki kadhaa. Sakafu ikishakuwa nyekundu na safi, inaachwa. Haikusudiwi kupakwa hadi kidonda kifunge.

Jambo moja nawaambia ndugu wa mgonjwa mapema: kidonda kitaonekana kimekuwa kikubwa na kitatoa majimaji mengi ya njano. Familia nyingi zinakatiza dawa hapo zikisema "inamla mzee". Ukubwa huo ulikuwepo tangu mwanzo, ulikuwa umefichwa na nyama iliyokufa.

Nitarudi kwenye papai. Maswali karibuni.

---

Kijana_wa_Mbagala

Asante sana sista kwa elimu. Mimi ndiye niliyeuliza kule. Ni mama yangu mzazi, ana kisukari miaka mingi. Kisigino chake kina gamba jeusi, kavu, halitoi maji, halinuki, hasikii maumivu. Binamu yangu yuko Uingereza, anasema anaweza kutafuta hiyo dawa atume. Nimwambie atume?

---

Muuguzi_Vidonda

Pole sana mdogo wangu, na mama apone. Usimwambie bado.

Gamba la kisigino lililo kavu, gumu, lililoshika pande zote, bila wekundu, bila majimaji wala harufu, mara nyingi huachwa kama lilivyo. Hapo linafanya kazi ya kifuniko. Ukilitoa kwenye mguu usiofikiwa na damu vizuri, unafungua kidonda ambacho mwili hauna uwezo wa kukifunga, na bakteria wanaingia. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote linakuja swali la damu: je, mapigo ya juu ya unyayo na ya nyuma ya kifundo yanasikika? Mwende kliniki ya kisukari wampapase mapigo, wampime na presha ya kifundo cha mguu wakilinganisha na ya mkono kama kifaa kipo. Kutosikia maumivu pia si habari njema kwake, ina maana neva zimechoka.

Wakati mnasubiri, kisigino kisiguse kitanda. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie. Likianza kulainika, kutoa maji, kunuka, au ngozi ya pembeni ikawa nyekundu au imevimba, au mama akapata homa au sukari ikapanda bila sababu, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.

---

Mama_Faraja

Mimi nataka kusema la papai, maana naona linapigwa vita bila kusikilizwa. Bibi yangu Muheza alitibu vidonda vya watu kwa papai bichi. Alikuwa analikwaruza, anaweka juu ya kidonda, anafunga kitambaa safi, asubuhi anaosha. Vidonda vilikuwa vinasafika, na nimeona kwa macho yangu. Leo tukiambiwa dawa inatoka kwa bakteria wa Marekani tunaamini, la bibi zetu tunaliita ushirikina.

---

Muuguzi_Vidonda

Mama Faraja, shikamoo. Sitaliita ushirikina kamwe, na nilikuwa naelekea huko huko.

Utomvu mweupe wa papai bichi una kimeng'enya kiitwacho papaini. Ndicho kinacholainisha nyama ngumu jikoni. Bibi alikuwa anakitumia kimeng'enya halisi. Na halikuishia kwa mabibi: mwaka 1999 madaktari wa Royal Victoria Hospital, Banjul, Gambia, waliandika kwenye jarida la kitaalamu la majeraha ya moto jinsi walivyokuwa wakiponda nyama ya papai na kuipaka kila siku kwa watoto walioungua vibaya. Waliona inasaidia kuondoa nyama iliyokufa na kuzuia maambukizi, kwa gharama ndogo sana. Jamaika nako wauguzi wametumia papai kwenye vidonda sugu, na wakaripoti kwamba baadhi ya wagonjwa walilalamika kuhisi kuungua pale lilipopakwa.

Viwanda navyo viliitumia papaini. Kwa miaka mingi Marekani kulikuwa na marhamu ya papaini iliyochanganywa na yurea. Papaini peke yake ni dhaifu kwenye kidonda, yurea inafungua protini ili papaini izifikie. Lakini papaini haichagui kwa uangalifu kama kolajenasi. Inavunja protini nyingi za aina mbalimbali, kwa hiyo inachoma na ngozi ya pembeni inavimba. Mwaka 2008 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliamuru marhamu hizo ziondolewe sokoni. Hazikuwa zimewahi kuidhinishwa rasmi, na zilikuwa zimeripotiwa kuleta mzio mkali, presha kushuka na moyo kwenda mbio. Wenye mzio wa mpira wa glavu wamo hatarini zaidi, kwa sababu utomvu wa papai na ule wa mpira vina protini zinazofanana.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Papai lina nguvu, na kwa sababu lina nguvu silipendi likipakwa bila mwangalizi. Hujui papaini iliyomo ni kiasi gani: bichi lina nyingi, lililoiva lina kidogo, na kila tunda lina lake. Tunda si safi kama dawa iliyofungwa kiwandani. Wale wa Banjul walifanya wodini, mtoto yuko chini ya macho ya daktari na muuguzi. Anayefunga papai usiku kwenye mguu wa kisukari usio na hisia hatasikia hata ngozi nzima ikiungua.

---

MwanaBeni

Jambo kwenu wote. Naandika toka Beni, Kivu ya Kaskazini. Nimefurahi kuona papaini imetajwa, sababu huku kwetu ni zao la biashara, familia nyingi zimesomesha watoto nayo.

Nieleze kidogo inavyovunwa. Papai linakuwa bado kijani kwenye mti, halijaanza kuiva. Asubuhi mapema unalichanja kwa wembe mistari ya juu juu, ngozi tu, usiingie ndani. Utomvu unachuruzika kwenye chombo ulichokifunga kwenye shina chini ya matunda. Baada ya siku kadhaa unarudi kuchanja mahali pengine kwenye tunda lile lile. Utomvu ule unakaushwa, unakuwa unga wa rangi ya maziwa, unauzwa nje. Wengi wa wanunuzi ni viwanda vya vyakula na bia, dawa ni sehemu tu.

Na kuhusu ngozi, Sista amesema kweli. Wavunaji wanajua: utomvu mbichi ukikudondokea mkononi ukauacha, ngozi inachubuka, vidole vinakuwa na vidonda. Unga wake ukiuvuta puani kila siku kifua kinaanza kubana. Aliyefanya kazi ile hatafikiria kuuweka kwenye kidonda cha mtoto wake.

---

Muuguzi_Vidonda

Asante sana ndugu wa Beni, hiyo ya kifua ni mzio ule ule, umeingia kwa njia ya hewa. Na kwa wasomaji wa huku kwetu: Tanganyika ya ukoloni nayo ilikuwa kati ya nchi zilizouza papaini nje, pamoja na Uganda na Kongo.

---

DktMpasuaji

Sista umeandika vizuri, lakini nina wasiwasi na kichwa cha uzi. Watu watasoma "dawa inayokula nyama mbovu" na watakimbia kisu. Mimi niko upande wa upasuaji na kila wiki napokea miguu iliyochelewa. Mguu uliovimba, unanuka, ngozi inabonyea kama ina hewa ndani, mgonjwa ana homa na anaanza kuchanganyikiwa: huyo anahitaji kisu leo, na antibaiotiki ya mshipa leo. Marhamu ya wiki kadhaa kwa mgonjwa huyo ni kumchelewesha hadi afe. Kisu kinafanya kwa dakika ishirini kile ambacho kimeng'enya kitafanya kwa mwezi, na ninaona kwa macho ninapokata na ninapoacha.

Hata mwongozo wa mwaka 2023 wa IWGDF, kile kikundi cha kimataifa cha mguu wa kisukari, unashauri kutumia kisu na kutotumia vimeng'enya kama kawaida.

---

Muuguzi_Vidonda

Daktari, nakubaliana nawe neno kwa neno kuhusu mguu wenye maambukizi yanayopanda. Wasomaji wairudie hiyo aya yako. Ngozi ikibonyezwa ikatoa mlio kama kuna hewa chini, au wekundu ukipanda mguuni kila saa, hakuna marhamu hapo.

Ila mwongozo huo haukuishia hapo. Unasema pia kwamba pale ambapo kisu hakipatikani kwa urahisi, kwa uhaba wa vifaa au wa watu wenye ujuzi, vimeng'enya vinaweza kufikiriwa. Sentensi hiyo inawahusu wagonjwa wangu hasa. Mzee wa kidonda cha kulalia ambaye hawezi kusafirishwa. Bibi anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ambaye kila ukimgusa kwa kisu anavuja. Zahanati isiyo na mtu aliyefundishwa kukata. Hao hawakimbii kisu, kisu ndicho hakiwafikii.

Na mara nyingi hatuchagui kimoja. Wewe unakata sehemu kubwa siku ya kwanza, sisi wodini tunamalizia mabaki yaliyong'ang'ania kwa kimeng'enya, na wewe unaangalia tena akirudi.

---

DktMpasuaji

Hapo tuko pamoja.

---

Dada_Leipzig

Salaam wapendwa. Mimi ni Mtanzania, muuguzi Ujerumani kwenye kitengo cha majeraha ya moto. Naona imetajwa kolajenasi na papaini lakini nanasi halijatajwa, na kwetu kazini ndilo lililobadilisha mambo.

Shina la nanasi lina vimeng'enya vinavyoitwa bromelaini. Ipo dawa inayotengenezwa na kampuni ya Israeli iitwayo MediWound, jina lake NexoBrid. Ulaya iliidhinisha mwishoni mwa mwaka 2012, Marekani mwishoni mwa 2022. Ni unga unaochanganywa na jeli pale pale kitandani kabla tu ya kupakwa. Unapakwa kwenye jeraha la moto lililoungua kwa kina, unafunikwa kwa plastiki, unaachwa saa nne. Saa nne tu. Ukifunua, nyama iliyoungua imekuwa uji, unaifuta, na chini yake unaona ngozi hai iliyobaki, yenye vidoadoa vya damu.

Faida kubwa naiona kwenye mikono. Mkono ulioungua ukikatwa kwa kisu, mpasuaji anapojaribu kutoa iliyokufa anachukua na hai kidogo, na kwenye kiganja au vidole hakuna nyama ya kupoteza. Bromelaini inaacha hai mahali pake, kwa hiyo eneo linalohitaji kupandikizwa ngozi linapungua. Wengine wanaepuka hata ule mkato wa dharura wa kulegeza ngozi iliyobana damu.

Lakini jamani, inauma. Inauma sana. Haiwekwi bila ganzi ya mkono mzima au dawa nzito za maumivu, na mtu wa ganzi lazima awepo. Kwa mtu mzima hatupaki zaidi ya asilimia 15 ya mwili kwa mara moja. Na kama alivyosema Sista, kama jeraha lilishapakwa krimu ya fedha au iodini tunaosha yote kwanza, vinginevyo dawa haifanyi kitu. Wagonjwa waliopakwa krimu kwenye hospitali ya kwanza ndio wanaotupa kazi.

Tafadhali msiende kuponda nanasi. Nanasi la sahani lina asidi na sukari, na bromelaini yake haijasafishwa. Mtoto aliyeungua: maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, funika na kitambaa safi, hospitali. Basi.

---

Kijana_wa_Mbagala

Dada, hiyo ya dakika 20 ya maji sikuijua, huku watu wanapaka dawa ya meno na yai. Nitaisambaza kwenye grupu la familia.

---

Mfamasia_Mwanza

Wakuu, niongezee upande wa duka.

Vimeng'enya ni protini, na protini haipendi joto. Marhamu ya kolajenasi inatakiwa kuhifadhiwa kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Fikiria tyubu iliyotumwa kwa ndugu, ikakaa kwenye gari Chalinze mchana, ikalala juu ya kabati la bati. Inaweza kuwa na rangi na harufu ile ile na isifanye chochote. Kabla ya kulaumu dawa, uliza ilipita wapi.

Bei nayo lazima isemwe. Marekani tyubu moja ya gramu 30 inazidi dola 200. Kidonda kikubwa kinaimaliza haraka. Familia inayouza mbuzi kununua tyubu moja, kisha haina hela ya gozi wala ya vipimo vya sukari, imepata hasara. Mgonjwa akiniuliza, namwambia sukari kwanza, viatu na kuondoa uzito kwenye mguu pili, gozi safi na mtu wa kuvalisha tatu, tyubu baadaye.

Na msinunue "marhamu ya vimeng'enya" kwenye mitandao ya kijamii isiyo na namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania.

---

Tabibu_Kijijini

Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya, kilomita nyingi kutoka kwa mpasuaji. Kolajenasi sina na sitaipata. Swali langu ni la vitendo: mgonjwa mwenye utando wa njano, mapigo ya mguu yanasikika vizuri, hakuna homa, hakuna mfupa unaoonekana. Nifanye nini na nilichonacho? Nina maji ya chumvi, gozi, asali ya hapa hapa, na nina mikono miwili.

Na funza je? Niliwahi kusikia wanatumika.

---

Muuguzi_Vidonda

Tabibu, swali lako ndilo la watu wengi, na una zaidi ya unavyodhani.

Mwili wa mgonjwa wako una vimeng'enya vyake. Chembe nyeupe za damu zinazokimbilia kwenye kidonda zinatoa vimeng'enya vya kuvunja protini, ikiwemo kolajenasi. Vinachohitaji ni unyevu. Kidonda kilichoachwa wazi kikakauka kinavizima. Kwa hiyo acha mtindo wa kukianika na kukipaka GV, ile dawa ya zambarau. Kioshe kwa maji ya chumvi, kifunike kwa gozi iliyolowa bila kuchuruzika, weka kavu juu yake, na uibadilishe kabla haijakauka na kugandia. Ikishagandia, iloweshe kwanza ndipo uitoe.

Asali inasaidia kwa njia hiyo hiyo. Inavuta majimaji kutoka ndani ya kidonda, nayo yanakuja na vimeng'enya vya mwili. Nyuki nao wametia kimeng'enya chao kwenye asali, kinachozalisha haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, ya kutosha kubana bakteria bila kuunguza nyama mpya. Hospitali za nje hutumia asali iliyosafishwa kwa mionzi, kwa sababu asali ghafi inaweza kubeba mbegu za bakteria. Ukiwa huna hiyo, huo ni uamuzi wako wa kitabibu. Mimi nisingeiweka ghafi kwenye shimo lenye kina.

Mikono yako miwili ndiyo dawa kubwa. Utando ulioachia nusu, unaoning'inia, unaweza kuukata kwa mkasi safi bila kugusa nyekundu, kama umefundishwa. Kila ukivalisha unatoa kidogo. Ukiona damu au mgonjwa akasikia maumivu, umefika kwenye hai, simama. Kama hujafundishwa, omba siku chache ukae na sisi au na chumba cha vidonda cha mkoa wako. Ujuzi huo unafundishika, na Tanzania ina historia nao: mradi wa Step by Step wa miaka ya 2000, ambao Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waliouongoza, ulifundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kutunza mguu wa kisukari wakiwa wawili wawili, daktari na muuguzi wa kituo kimoja.

Funza: ndiyo, wanatumika. Ni wa nzi wa kijani aitwaye Lucilia sericata, wanaoanguliwa kutoka mayai yaliyosafishwa. Wanatema vimeng'enya juu ya nyama iliyokufa, inakuwa uji, wanaunywa. Daktari William Baer wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliandika kuhusu kazi hiyo mwaka 1931 baada ya kuona vidonda vya wanajeshi wa Vita vya Kwanza vilivyokuwa na funza vikiwa safi kuliko alivyotarajia, na FDA iliwaruhusu funza hao mwaka 2004. Lakini ni funza waliofugwa kwa usafi. Wale wa nzi wa kawaida walioingia wenyewe kwenye kidonda wanatolewa, hata kama chini yao pamesafika, kwa sababu hujui ni nzi gani na ameleta nini. Wapo nzi ambao funza wao wanakula na nyama hai.

---

Kijana_wa_Mbagala

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimempeleka mama kliniki. Wamepapasa mapigo, la juu ya unyayo halisikiki, la nyuma ya kifundo ni dhaifu. Wamempa rufaa kwa daktari wa mishipa ya damu na wamesema gamba lisiguswe, lipakwe tu kitu cha kulikausha na kisigino kisiguse kitanda. Wamempaka iodini juu ya gamba. Sista, ulisema iodini inaua dawa, sasa niwaambie?

---

Muuguzi_Vidonda

Wako sahihi kabisa, usiwaambie chochote zaidi ya asante. Nilisema iodini inaiharibu kolajenasi. Kwa mama hakuna kolajenasi, na lengo lao ni kulifanya gamba libaki kavu na bila bakteria hadi damu ishughulikiwe. Iodini juu ya gamba kavu inafanya kazi hiyo hiyo.

Ukienda kwa daktari wa mishipa, uliza mambo haya: je, mshipa ulioziba unaweza kufunguliwa? Ukifunguliwa, nani ataangalia kisigino na baada ya muda gani? Gamba likianza kuachia pembeni nimlete wapi, saa ngapi, namba gani ya simu? Yaandike kwenye karatasi kabla hujaingia, maana mle ndani mtu husahau. Na nenda na daftari lake la sukari.

Damu ikirudi mguuni, hapo ndipo mazungumzo ya kuliondoa gamba yanafunguliwa, iwe kwa kisu cha daktari au kwa marhamu ya binamu. Ukifika hatua hiyo andika hapa hapa, nitakujibu.